Katiba ya 1977: ilitoka wapi, na imesimama juu ya nini

Ukifungua Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, kabla hujafika ibara ya kwanza unakutana na utangulizi. Unasema kwamba sisi, wananchi, tumeamua kujenga jamii inayozingatia misingi ya uhuru, haki, udugu na amani. Aya chache mbele, utangulizi huohuo unasema Katiba hii imetungwa na Bunge Maalum "kwa niaba ya wananchi". Hayo ni mambo mawili tofauti, na sehemu kubwa ya mabishano ya Katiba tunayoyasikia, yawe ya bungeni, ya mahakamani au ya vijiweni, yanazaliwa katikati yake. Mwenye Katiba ni nani hasa? Ni yule anayetajwa kuwa chanzo cha mamlaka, au ni yule aliyeshika kalamu kwa niaba yake?

Shuleni Katiba hufundishwa kama orodha: mihimili mitatu, haki za raia, wajibu wa raia. Orodha hiyo haina uongo, ila haisemi jambo moja kubwa. Katiba yetu haikuandikwa na watu waliokaa kitako wakaulizana wanataka nchi ya namna gani. Ilijengwa matabaka kwa matabaka, na kila tabaka lina tukio lililolileta. Anayeyajua matabaka hayo haoni ajabu vifungu vinapogongana.

Tabaka la London

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, katiba yake ilikuwa amri ya Malkia wa Uingereza na baraza lake. Malkia aliendelea kuwa mkuu wa nchi, akiwakilishwa na Gavana Mkuu, Sir Richard Turnbull. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa Waziri Mkuu, na mawaziri wake walitoka bungeni na kuwajibika bungeni. Kitu kimoja hakikuwamo: sura ya haki za binadamu. Nigeria ilipata uhuru mwaka 1960 ikiwa nayo, na baadaye Uganda na Kenya vilevile. Viongozi wa TANU, chama kilichokuwa madarakani, hawakuitaka. Hoja yao ilikuwa kwamba serikali changa, yenye kazi ya kujenga nchi kutoka karibu sifuri, isije ikafungwa mikono na majaji, ambao wakati huo walikuwa bado wageni. Ni hoja ya kueleweka kwa wakati wake, lakini mwananchi aliilipia kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mwaka uliofuata Bunge lilijigeuza Bunge la Katiba na kutunga Katiba ya Jamhuri, iliyoanza kutumika 9 Desemba 1962. Malkia akatoka, Rais akaingia, na ndani ya Rais huyo mmoja yakawekwa madaraka yaliyokuwa ya mkuu wa nchi pamoja na yale ya kiongozi wa serikali. Wakati huohuo utaratibu wa Kiingereza wa mawaziri kuwa wabunge ukabaki palepale. Mchanganyiko tulionao leo ulianzia hapo. Katika mwaka huohuo wa 1962 ilipitishwa Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyomruhusu Rais kumweka mtu ndani bila kumpeleka mahakamani. Aliyewekwa kizuizini hakuwa na ibara ya haki ya kusimama nayo mbele ya jaji, kwa sababu ibara yenyewe haikuwapo.

Muungano, na "muda" uliodumu miaka 12

Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, Mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964. Tarehe 22 Aprili mwaka huo Mwalimu Nyerere na Mzee Abeid Amani Karume walitia saini Hati za Muungano, na tarehe 26 Aprili nchi mbili zikawa jamhuri moja. Hati ziliorodhesha mambo 11 ya kuendeshwa kwa pamoja, kama vile ulinzi, mambo ya nje na uraia. Yasiyokuwamo kwenye orodha yalibaki kwa Zanzibar upande wa Zanzibar. Upande wa Tanganyika hayakuwa na serikali ya kubaki nayo, kwa hiyo yakachukuliwa na Serikali ya Muungano. Hiyo ndiyo asili ya serikali mbili, na ndiyo asili ya swali ambalo halijawahi kulala: Tanganyika ilikwenda wapi? Leo orodha ya mambo ya Muungano, iliyomo kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba, ina mambo 22, na Wazanzibari wengi wanahesabu ongezeko hilo kama kupungua kwa mamlaka yao.

Hati zilikubaliana kwamba Katiba ya Tanganyika itumike kwa muda ikiwa imerekebishwa, na kwamba ndani ya mwaka mmoja liitishwe Bunge la kutunga Katiba ya kudumu. Mwaka ulipokwisha, sheria ya 1965 iliusogeza muda huo mbele. Ikatungwa Katiba ya Muda ya 1965, kwa utaratibu wa sheria ya kawaida ya Bunge, nayo ikaifanya Tanzania nchi ya chama kimoja: TANU Bara na ASP Zanzibar. "Muda" huo ulidumu hadi 1977.

Tarehe 5 Februari 1977 TANU na ASP viliungana na kuzaa CCM. Tume ya watu 20 chini ya Sheikh Thabit Kombo, Pius Msekwa akiwa katibu, ilikuwa imeandaa katiba ya chama kipya. Tume hiyohiyo ikapewa kazi ya kupendekeza Katiba ya nchi. Bunge lililokuwapo likageuzwa Bunge Maalum, likapitisha Katiba tarehe 25 Aprili 1977, na kesho yake ikaanza kutumika. Tangu kuzaliwa kwa CCM mpaka hapo haikutimia hata miezi mitatu. Wananchi hawakupiga kura juu yake. Siwashutumu waliofanya kazi hiyo, kwa kuwa waliamini chama ndicho sauti ya umma na Katiba yao ilisema waziwazi kwamba chama kinashika hatamu. Lakini mtu anayeuliza kwa nini Katiba hii inadaiwa uhalali kila baada ya miaka michache, jibu la kwanza liko kwenye majuma hayo machache ya mwaka 1977.

Haki zinaingia, na mama wa Muleba anakwenda mahakamani

Mwaka 1983 CCM ilifungua mjadala wa kitaifa juu ya marekebisho ya Katiba, na watu walidai zaidi ya walichoulizwa. Upande wa Zanzibar mjadala uligusa muundo wa Muungano wenyewe, na Januari 1984 ukamwondoa madarakani Rais wa Zanzibar, Aboud Jumbe. Mwishoni mwa 1984 Mabadiliko ya Tano yaliingiza haki za binadamu kwenye Katiba, ibara ya 12 hadi ya 29. Serikali iliomba nafasi ya kusafisha sheria zake kwanza, kwa hiyo haki hizo zilianza kudaiwa mahakamani Machi 1988.

Miezi mitano tu baada ya hapo, Agosti 1988, mwanamke mmoja mtu mzima wa Muleba, mkoani Kagera, aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake. Alikuwa amezeeka na hakuwa na wa kumtunza. Mnunuzi, aliyelipa shilingi 300,000, hakuwa mtu wa ukoo. Mpwa wa mama huyo alifungua kesi Mahakama ya Mwanzo: kwa mila za Wahaya zilizoandikwa kuwa sheria mwaka 1963, mwanamke angeweza kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote, lakini si kuliuza. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana na mpwa na kumwamuru mama huyo arudishe fedha. Mahakama ya Wilaya ikautengua uamuzi huo ikitaja haki mpya zilizomo kwenye Katiba. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya, ambaye Februari 1990 alisema kwamba mila inayomnyima mwanamke haki anayopewa mwanamume ni ubaguzi, na haiwezi kusimama mbele ya ibara ya 13. Shamba likabaki limeuzwa. Mpwa akapewa miezi sita: akilitaka, alikomboe kwa kulipa bei ileile, kama ambavyo lingeuzwa na mwanamume.

Nimeikalia kesi hii kwa sababu ndani yake misingi miwili mikubwa ya Katiba inaonekana ikifanya kazi. Wa kwanza ni ukuu wa Katiba. Ibara ya 64(5) inasema sheria yoyote inayokwenda kinyume na Katiba ni batili kwa kadiri inavyokwenda kinyume nayo. Sheria ya Bunge, kanuni ya waziri, sheria ndogo ya halmashauri, mila iliyoandikwa: zote ziko chini yake. Wa pili ni kwamba haki haiishi kwenye karatasi peke yake. Inahitaji mtu wa kuidai na jaji aliye huru kuisikiliza. Mama yule hakuwa mwanasheria wala mwanasiasa. Alikuwa na shamba na shida ya uzee.

Kuna mipaka, na msomaji aijue vizuri kwa sababu hapo ndipo watu wengi hukwama. Ibara ya 30 inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa ajili ya usalama wa taifa, afya ya jamii na maslahi ya umma kwa jumla. Ibara ya 30(5) inairuhusu Mahakama, badala ya kuifuta sheria mbovu papo hapo, kuipa Serikali muda wa kuirekebisha. Ndivyo ilivyokuwa Julai 2016, Rebeca Gyumi alipopinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya kufika miaka 18. Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo ni batili na kuipa Serikali mwaka mmoja. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo.

Mpaka mwingine haujulikani sana. Ibara ya 11 inazungumzia haki ya kufanya kazi, kupata elimu na kusaidiwa wakati wa uzee na maradhi. Maneno mazuri, lakini ibara ya 7(2) inasema masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi kwa amri ya mahakama. Ni malengo ya kuiongoza Serikali. Mwanafunzi aliyekosa nafasi ya masomo hawezi kuisimamisha Serikali kizimbani kwa ibara ya 11 kama mama wa Muleba alivyosimama na ibara ya 13. Mimi naona wananchi wangeelezwa jambo hili mapema, kwa sababu mtu anayesoma ibara zote akidhani zina nguvu sawa huishia kuidharau Katiba nzima.

Mihimili ambayo haikutengana kabisa

Ibara ya 4 inagawa mamlaka ya nchi kwa vyombo vya utendaji, vya kutunga sheria na vya kutoa haki, na ibara ya 107B inasema mahakama zitakuwa huru. Lakini tabaka la 1961 na la 1962 bado yamo. Kwa ibara ya 62, Bunge lina sehemu mbili, Rais na Wabunge. Mawaziri lazima wawe wabunge. Rais anaweza kuteua wabunge wasiozidi 10, ndiye anayemteua Jaji Mkuu, na muswada hauwi sheria bila kibali chake. Anayetafuta kwenye Katiba yetu mihimili iliyotenganishwa kwa ukuta hataiona.

Kinachompa Rais kikomo zaidi ya vyote ni muda. Miaka mitano, na vipindi viwili tu, kwa ibara ya 40(2) na ya 42(2). Uzito wa vifungu vya namna hii huonekana siku ya msiba. Rais John Magufuli alipofariki dunia tarehe 17 Machi 2021, siku mbili baadaye Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais. Hakukuwa na uchaguzi wala mvutano, kwa kuwa ibara ya 37(5) inasema Makamu wa Rais anamalizia kipindi kilichobaki. Ibara ya 40(4) inaongeza kwamba akishika kiti hicho kwa miaka mitatu au zaidi, anaweza kugombea mara moja tu. Chini ya vifungu hivyo kuna historia ya Muungano. Mpaka miaka ya tisini mwanzoni Rais wa Zanzibar alikuwa pia Makamu wa Rais wa Muungano. Vyama vingi viliporudi, ikaonekana Rais na Makamu wake wangeweza kutoka vyama viwili vinavyopingana, ndipo Mabadiliko ya 1994 yakaleta mgombea mwenza.

Katiba mbili, na nchi ngapi?

Zanzibar ina Katiba yake ya 1984. Mabadiliko yake ya Kumi, ya mwaka 2010, yalifuata maridhiano na kura ya maoni ya Julai mwaka huo, yakaleta Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Yalisema pia kwamba Zanzibar ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Katiba ya Muungano, ibara ya 1, inasema Tanzania ni nchi moja. Sentensi hizo mbili zinatumika leo, kwa wakati mmoja, na viongozi wameapa kuzilinda zote mbili. Wanasheria hujaribu kuzipatanisha kwa kusema neno lina maana moja ndani na nyingine nje ya mipaka. Sioni kwamba wamefaulu. Jambo lililoachwa wazi mwaka 1964 haliwezi kumalizwa kwa ufundi wa tafsiri.

Nani anaweza kuibadilisha?

Ibara ya 98 inataka theluthi mbili ya wabunge wote kubadilisha ibara za kawaida. Kwa mambo mazito ya Muungano yaliyo kwenye Nyongeza ya Pili inataka theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande kwa hesabu yake. Wananchi hawatajwi. Kwa njia hiyo Katiba imebadilishwa mara 14 hadi mwaka 2005, na mengine yalikuwa makubwa kweli. Mwaka 1992 Mabadiliko ya Nane yalirudisha vyama vingi baada ya Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ingawa karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni mbele yake walitaka chama kimoja kiendelee. Tume iliona wachache wana haki ya kuwa na chama chao hata kama wengi hawakitaki. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri.

Lakini njia hiyohiyo inaweza kutumika kufunga mlango. Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda Mahakama Kuu akidai haki ya raia kugombea bila kudhaminiwa na chama. Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira alimpa ushindi. Wakati huo muswada wa kulizuia jambo hilo kwenye Katiba yenyewe ulikuwa umeshapelekwa bungeni, na Desemba mwaka huo ukapita. Mtikila akarudi mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikamkubalia tena. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilisema mahakama haina mamlaka ya kufuta ibara ya Katiba, na kwamba suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, likaamuliwe na Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ambayo tarehe 14 Juni 2013 ilisema Tanzania imekiuka haki zake. Kwa miaka ishirini mtu mmoja aliuliza swali moja: je, wabunge wanaweza kutumia theluthi mbili yao kumpunguzia haki yule anayewatuma bungeni? Ibara ya 8 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Ibara ya 98 haikuwekewa ulinzi wowote kwa ajili ya ibara ya 8.

Sheria ya Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2011 ilikuwa jaribio la kutoka hapo. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi nzima kukusanya maoni, na rasimu yake ya pili, iliyokabidhiwa 30 Desemba 2013, ilipendekeza muungano wa serikali tatu, yaani Tanganyika nayo iwe na serikali yake. Bunge Maalum la Katiba lilianza Dodoma Februari 2014, Machi likamchagua Samuel Sitta kuwa mwenyekiti, likiwa na wabunge, wawakilishi wa Zanzibar na wajumbe wengine 201 walioteuliwa. Aprili, wapinzani waliojiita UKAWA walitoka nje wakisema rasimu ya wananchi inachakachuliwa. Waliobaki wakarudisha serikali mbili na kupitisha Katiba Inayopendekezwa tarehe 2 Oktoba 2014. Kura ya maoni ilipangwa 30 Aprili 2015, ikaahirishwa kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura haukuwa umekamilika.

Sheria ile ilitaka Katiba mpya iungwe mkono na zaidi ya nusu ya kura zitakazopigwa Bara, na zaidi ya nusu ya kura zitakazopigwa Zanzibar. Ingekuwa mara ya kwanza kwa Watanzania wote kuipigia kura Katiba yao. Ile ya 1977 haina ibara hata moja inayoeleza namna ya kuiweka kando yenyewe na kuandika nyingine, kwa hiyo mchakato wowote ujao utalazimika kuanzia tena kwenye sheria itakayopitishwa na wabunge. Wananchi wanaoutaka mchakato huo wana sababu ya kuisoma sheria hiyo ikiwa bado ni muswada, hasa vifungu vinavyosema nani atateua wajumbe wa Bunge Maalum, na kama Bunge hilo litaruhusiwa kuibadilisha rasimu iliyotokana na maoni ya watu.